Baba anataka kutoa lori lake sadaka: atoe lori lenyewe ama aliuze atoe pesa?

Bint Mambrui
Assalam aleikum nduzangu, na wengine hamjambo. Naomba mawazo. Baba ana Fuso FH ya tani kumi, limebeba mawe ya kujengea na mchanga hapa Malindi miaka kumi na tatu. Sasa macho yamepungua, kazi ameacha, na anataka kulitoa kwa makao ya mayatima yalioko njia ya Langobaya walibebee maji na kuni. Kaka zangu wasema auze apeleke pesa. Mzee hataki hata kusikia, asema lori ni sadaka ya jaria, ile ambayo thawabu yake haikatiki, na pesa huliwa siku moja zikaisha. Lori latembea, injini haijafunguliwa. Mwaonaje?

Mvuvi wa Shela
Auze. Mayatima hawali lori. Litataka tairi, litataka bima, litataka kupelekwa inspekshen kila mwaka, na hao walezi hata mchele wanakopa dukani. Halafu tuseme ukweli, madereva wetu wa hapa tunawajua, hiyo dizeli itanyonywa wiki ya kwanza.

Mwalimu wa Ganda
Mzee apewe haki yake, mali ni yake. Na sisi wengi huku pwani ni wa madhehebu ya Shafi'i, kitu cha kuhamishika chawekwa wakfu vizuri tu mradi kina manufaa na hakiishi kwa kule kutumiwa. Lori linaingia hapo. Ila nimesikia Marekani ukitoa gari kwa shirika serikali inakurudishia bei yake yote, kwa nini hapa hakuna kitu kama hicho?

Kadzo
Siyo hivyo mwalimu. Binamu yangu yuko Texas anaendesha malori makubwa, alitoa lake. Zamani watu walikuwa wanajipangia bei wenyewe, gari bovu mtu anaandika dola elfu nne. Tangu 2005 sheria ikabana, shirika likiliuza kinachopunguzwa kwenye hesabu ya kodi yako ni ile bei lililouzwa kweli, na ikizidi dola 500 lazima shirika likupe fomu yake. Na huko mashirika mengi hawaliendeshi, wanapeleka mnada moja kwa moja. Hapa kwetu sina hakika sheria ya kodi inahesabu vipi lori. Kwa hiyo mzee asitoe kwa hesabu ya kodi.

Bint Mambrui
Baba hana habari ya kodi, anataka thawabu.

Mwalimu wa Ganda
Basi wafunge tanki la lita elfu kumi na sita liwe boza moja kwa moja, kijiji kizima kitakunywa.

Spana 22
Elfu kumi na sita mtaua mtu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni tani kumi na sita kabla hujahesabu chuma cha tanki. Gari la ekseli mbili sheria inaruhusu tani 18 jumla, mbele 8 nyuma 10, na gari lenyewe tupu limeshakula kama tani tano sita hivi. Mkizidisha sana ni lita elfu kumi, na ndani ya tanki lazima kuwe na vizuizi, mabati yenye matundu yaliyokatiza, maana maji yakiwa nusu yanakimbilia mbele ukishika breki na kwenye kona yanakuvuta upande. Mimi nimefungua boza moja lililopinduka, ndani lilikuwa tupu kama sufuria, hakuna kizuizi hata kimoja. Na dada, mwambie mzee aangalie chesisi kwa chini, magari ya mchanga huku yanaliwa na chumvi kutoka ndani, rangi juu inang'aa ukigonga na nyundo inaingia. Akilipeleka na kutu ile amewapa watoto msiba.

Usukani
Nimesoma yote lakini kuna neno limenikaa kooni. Mvuvi, "madereva wetu tunawajua". Unamjua nani? Nitajie.
Ukame wa 2022 mimi niliendesha boza la kundi moja la kujitolea, lori la msaada vilevile, lilitolewa na mtu mwenye roho safi kama huyu mzee. Nachota, naingia ndani kupita Langobaya, nafika saa tano usiku nakuta kina mama wamepanga madumu toka magharibi, kila dumu limefungwa kitambaa cha rangi yake shingoni lisibadilishwe na la mwingine. Nalala kebini na mbu. Posho niliyoahidiwa ya mwisho wa mwezi nilipata nusu, tena miezi miwili baadaye. Siku moja dizeli ilinikatikia porini na simu hazishikwi, nikakwea bodaboda nikanunua lita ishirini kwa pesa yangu, na kwa kuwa hakukuwa na faneli nikavuta kwa mdomo na paipu kutoka kwenye dumu kwenda kwenye tanki. Siku mbili chakula chote kilikuwa na ladha ya dizeli. Huo ndio unyonyaji wangu. Umeuona?

Mvuvi wa Shela
Wewe pole, lakini mimi sikusema wewe. Nilikuwa na gari la barafu na samaki, Malindi Mombasa, kilomita kama 120. Mafuta yakawa yanapanda kila mwezi na gari ni lilelile na barabara ni ileile. Nikamfuata dereva siku moja, nikamkuta kasimama Mtwapa kwenye duka la kuuzia mafuta ya dumu. Miaka minane nilimwita mdogo wangu. Mke wake alipojifungua mimi nililipa hospitali. Ukiumwa na nyoka ukiona unyasi washtuka, ndiyo niandike hivyo.

Mama wa Muyeye
Mume wangu ni dereva miaka ishirini. Akirudi nyumbani watoto wanasoma haya. Usikusanye watu wote ukawatia kapu moja na mwizi wako mmoja.

Kadzo
Lakini mama, wizi wa mafuta upo, tusifichane.

Usukani
Upo. Sijakataa. Lakini uliza umeanza wapi. Lori la tani kumi likiwa na mzigo linakupa kama kilomita tatu kwa lita. Mombasa na kurudi ni lita themanini, kila mwenye lori anajua. Tajiri anakupa sitini anakwambia jipange, foleni ya Nyali huijui wewe, ukirudi na upungufu unakatwa. Huyo ndiye anayefundisha watu paipu. Na haya ya msaada ndiyo mabaya zaidi, wanatoa gari la mamilioni, dereva wanamtaka wa sadaka. Eti unapata thawabu. Watoto wangu nao wanakula thawabu?

Mvuvi wa Shela
Mimi nilikuwa natoa mafuta kamili na mshahara tarehe thelathini. Usinitie kwenye hao.

Usukani
Basi na mimi usinitie kwenye wako.

Spana 22
Mnagombana na gari bado halijakaguliwa. Na mzee asisahau kuhamisha logbook, hati ya umiliki, NTSA wale wa mamlaka ya usafiri wanamjua mwenye jina. Likigonga mtu na bado ni lake atatafutwa yeye.

Bint Mambrui
Jamani, nilikaa na baba barazani nikamsomea yote tangu juu, pamoja na haya ya dizeli. Pale kwenye madumu ya vitambaa alinyamaza muda. Akasema yeye alikuwa anawaza lori tu, habari ya nani atalishika haikumjia, maana miaka yote kalishika mwenyewe. Sasa anasema ana kijumba kimoja Barani cha kukodisha, kodi yake iende kwa dereva na mafuta pamoja na lori. Kaka zangu wamekasirika zaidi ya mwanzo, hilo ni letu nyumbani. Ameniambia niulize, huyu Usukani leseni yake ya C, ya malori, ingali hai?

Usukani
Iko hai. Jumamosi nitakuja na Spana akikubali, tulale chini ya hilo gari na nyundo kwanza. Na mshahara tuuandike kabla sijashika ufunguo, mzee asinielewe vibaya, namheshimu.

Mvuvi wa Shela
Kodi ya nyumba moja haitoshi mafuta ya boza hata wiki mbili. Mimi bado nasema auze.