Kadi ikisema "tai nyeusi" mwanaume avae nini? Tupeane uzoefu

Mwenye mada
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma Uingereza, amealikwa dhifa ya chuo chao na kadi imeandikwa "tai nyeusi". Jana kanipigia akiuliza kama suti yake ya bluu ya mahafali itafaa, atafute tu tai ndefu nyeusi. Nikamwambia hapana, hapo ameagizwa vazi zima, siyo rangi ya tai.

Nimehudumu miaka mingi kwenye kumbi za hoteli hapa Dar, na wageni nimewaona wa kila aina. Juu kabisa kuna tai nyeupe: koti jeusi lenye mikia nyuma, kizibao cheupe, kola iliyosimama, tai ya kipepeo nyeupe. Inayofuata ni tai nyeusi, yaani taksido. Chini yake suti ya kawaida ya rangi nzito na tai ndefu, na shughuli nyingi za kwetu zinaishia hapo. Kinachoniuma ni kumwona kijana mwenye akili zake amejibanza ukutani usiku kucha kwa sababu ya koti, wakati hakuna aliyewahi kumweleza. Walioshona, waliokodi, waliovaa, karibuni.

Fundi Cherehani Kkoo
Mkuu, umegusa kazi yangu. Wateja wengi wananiletea picha ya kwenye simu na kusema "fundi, nishonee taksido", lakini kitambaa walichonunua ni cha suti ya ofisini. Taksido inajulikana kwenye kola ya koti. Kola hiyo inafunikwa satini au hariri yenye mistari midogo, na inakatwa ama kwa ncha zinazotazama juu ama kwa mviringo usio na mkato wowote. Ukiona mkato wa kawaida wa suti umebandikwa satini, ujue fundi alikuwa na haraka. Koti ni la kifungo kimoja, nacho kimefunikwa kitambaa kilekile cha kola, na nyuma halina mpasuo. Suruali ina utepe mmoja wa satini ubavuni. Ya koti la mikia huwa na tepe mbili. Haiwekwi vishikio vya mkanda, kwa hiyo ninaishona ikae juu kiunoni, ishikwe na suspenda, ile mikanda ya mabegani. Shati jeupe, vifungo vya mikono, viatu vyeusi vinavyong'aa. Kiuno kifunikwe kwa kizibao cheusi au mshipi mpana wa hariri, kimoja kati ya hivyo. Mshipi huo maofisa wa Kiingereza waliuchukua India, kwenye joto, kizibao kilipowaelemea. Nadhani kwa Dar yetu hiyo ni sababu tosha ya kuuchagua.

Rangi siyo lazima iwe nyeusi. Bluu nzito ya usiku wa manane inakubalika kabisa, maana chini ya taa, rangi nyeusi huweza kuonekana imechujuka, lakini bluu hiyo hubaki nzito.

Halafu saa. Ni vazi la usiku, saa kumi na mbili jioni na kuendelea. Bwana harusi akiniambia ndoa ni saa nane mchana kanisani, namshauri avae suti nzuri huko, taksido aitunze kwa ajili ya ukumbini.

Mbongo Uppsala
Huku Sweden koti la mikia bado liko hai. Vyama vya wanafunzi hapa Uppsala vina madhifa yanayolitaka, na tarehe 10 Desemba, Stockholm, wanaume kwenye dhifa ya Nobel wanavaa hivyo hivyo, au vazi la taifa lao. Nilihudhuria rafiki yangu akitunukiwa udaktari wa falsafa: kwenye sherehe ya mchana kizibao chake kilikuwa cheusi, kwenye dhifa ya usiku akavaa cheupe. Koti lilelile.

Ushauri wangu kwa dogo: akodi, asinunue, na aende kupima mapema. Kwenye koti la mikia kizibao hakitakiwi kuchungulia chini ya koti kwa mbele. Kikichungulia, abadilishiwe saizi kabla hajatoka dukani.

Mdau wa Nairobi
Wadau, mimi nataka tuongee kuhusu vazi la taifa, kwa sababu kadi nyingi za ubalozini zinaliruhusu. Hapa Kenya suala hili lina uchungu wake. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na Rais Ruto mwenyewe amekuwa akizivaa sana. Mimi huvaa suti ya Kaunda nyeusi, sufu nyepesi, imepigwa pasi vizuri, kwenye dhifa zenye ruhusa hiyo, na nimeketi karibu na watu wenye taksido bila wasiwasi wowote. Naamini hilo ni vazi rasmi. Lakini kadi isipotaja vazi la taifa, piga simu uulize kwanza.

Mwana Unguja, Maskati
Assalaam alaykum. Ndugu yangu wa Nairobi kasema kweli, nami naongeza: vazi la kwetu nalo lina daraja zake. Huku Oman, kofia ni ya kila siku. Shughuli ikiwa rasmi mwanaume hufunga kilemba, hujifunga jambia kiunoni, na wakubwa hutupia joho juu. Marehemu babu yangu Unguja hakwenda shughuli kubwa na kanzu peke yake hata siku moja. Mdogo wako kama ana kanzu nyeupe safi, kofia ya mkono iliyotiwa wanga na joho jeusi, na kadi inaruhusu vazi la taifa, basi asikodi kitu. Aivae kamili tu. Kanzu na viatu vya mpira sikubaliani nayo.

Mwenye mada
Shukrani sana, shekhe. Nimempigia tena: kadi yake inasema "tai nyeusi au vazi la taifa", mstari wa pili hakuusoma. Joho lipo hapa nyumbani, la kaka yetu mkubwa. Fundi, refu kidogo kwake, linapunguzika?

Fundi Cherehani Kkoo
Linapunguzika, mkuu. Pindo la chini tu, mabega lisiguswe. Lete kabla ya Ijumaa.