Je, Mlipuko Mkuu ndio "Iwe nuru" ya Mwanzo 1:3?

mtafiti_mdogo
Salaam wakuu. Naandaa mada ya dakika 40 kwa vijana wa kanisani, wengi wao wanasoma sayansi. Hoja yangu: ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu miaka bilioni 13.8 iliyopita, mlipuko ule ulikuwa nuru tupu, kwa hiyo sayansi imethibitisha Mwanzo 1:3. Nimeambiwa hoja hii itanigeuka. Itanigeukaje? Na nikiitoa, niweke nini?

Nyota7
Itakugeuka kwenye aya ya 2, kabla hujafika ya 3. Isome taratibu: giza lipo juu ya uso wa vilindi vya maji, ndipo nuru inaitwa. Sasa maji yanahitaji oksijeni. Dakika chache za mwanzo zilitoa haidrojeni, heliamu (karibu robo ya uzito wote) na lithiamu kidogo mno. Oksijeni ilipikwa baadaye sana, ndani ya nyota. Ukiifanya sura hii ripoti ya fizikia, maji yametangulia nuru, na nyota zinatajwa siku ya nne. Kijana aliyesoma kemia hatakuacha upite hapo.

Neno "mlipuko" nalo linapotosha. Hakuna kitu kilichopasuka katikati ya chumba kitupu. Nafasi yenyewe inatanuka. Wape vijana hesabu waifanye wenyewe, inafundisha kuliko picha ya moto:

Haidrojeni hutoa mstari mwekundu wenye urefu wa wimbi nanomita 656.3. Kwenye galaksi fulani unaukuta kwenye 662.9, maana mtanuko umelirefusha wimbi lake. Tofauti ni 6.6, gawanya kwa 656.3, unapata 0.01. Zidisha kwa kasi ya nuru, km 300,000 kwa sekunde: galaksi inaachana nasi kwa kama km 3,000 kwa sekunde. Ukitumia kiwango cha mtanuko cha km 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali, kama miaka ya nuru milioni 3.26), umbali ni megaparseki 43 hivi, yaani miaka ya nuru milioni 140.

Angalizo: usichague galaksi ya jirani. Andromeda inatusogelea, kwa sababu kwa umbali mdogo mvutano unaushinda mtanuko, na mtoto mjanja atakuuliza. Njia hii ya kuzidisha pia ni ya tofauti ndogo tu. Kwa galaksi za mbali sana hailingani tena. Hata hiyo 70 ni makadirio ya katikati, maana vipimo vya leo vinabishana kati ya 67 na 73.

Tafakuri
Hoja yako ina historia, na mmoja wa walioikataa mapema alikuwa padre. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia kwenye "atomu ya awali". Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa akisema sayansi ya kisasa inaelekea kuishuhudia ile "Iwe nuru". Lemaître, aliyekuwa mwanachama wa akademia hiyo, hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikuwa nje ya swali la dini: asiyeamini alibaki huru kutoamini. Mwaka uliofuata Papa alizungumza na wanaastronomia waliokutana Roma, na hakuirudia kauli ile.

Katika mkutano huohuo wa 1952, mwanaastronomia Walter Baade alitangaza kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali zilikuwa za aina mbili zilizochanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka karibu mara mbili, na umri wa ulimwengu pamoja nao. Kipimo cha awali cha mtanuko cha mwanaastronomia Edwin Hubble, kama 500 badala ya ile 70, kilikuwa kinatoa umri wa miaka bilioni 2 hivi, ambao haukutosha hata kwa umri wa miamba ya dunia. Aliyekuwa ameifunga imani yake kwenye tarakimu ile angelazimika kuifungua na kuifunga upya.

mtafiti_mdogo
Nimeelewa, slaidi hiyo naifuta. Lakini kama ni hivyo, si tunasema sayansi na imani hazigusani kabisa?

mizani
Hapana, usiende huko. Hiyo ni njia ya mkato ya kukwepa ugomvi. Ukristo unadai mambo yaliyotukia: mtu alisulubiwa chini ya Pontio Pilato, kaburi, mashahidi. Paulo mwenyewe anasema kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure (1 Wakorintho 15:14). Huwezi kusema hivyo halafu ukakataa kuulizwa ushahidi.

Kwenye uumbaji tenganisha maswali mawili. "Ulimwengu ulianza lini, na hali yake ya mwanzo ilikuwaje?" ni la kupima. "Kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo?" halina darubini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, karne ya 13, aliamini kwamba ulimwengu una mwanzo, lakini akashikilia kuwa jambo hilo linajulikana kwa imani, akili haiwezi kulithibitisha. Kwake kuumba si kusukuma gari likawaka halafu ukaondoka. Ni kama jua na hewa: hewa ina mwanga muda wote jua linapoiangazia, na jua likiondoka mwanga haubaki. Kwa maana hiyo, hata ulimwengu usio na siku ya kwanza ungemhitaji Muumba sekunde hii.

Kwa hiyo mahali pa slaidi uliyofuta weka Waebrania 11:3, "Kwa imani twafahamu ya kuwa ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu", kisha waulize wanafunzi: kwa nini mwandishi hakusema "kwa vipimo"? Dakika 15 zitaisha hapo. Hesabu ya Nyota7 itangulie, wakiwa bado hawajachoka.

Nyota7
Na ukiutaja mtanuko, uite kanuni ya Hubble na Lemaître. Wanaastronomia walipigia kura jina hilo mwaka 2018.