Nimelipa hela yangu kwenda kuona historia Ujiji, nimegeuzwa mpagazi mbele ya mama mkwe!

Mtu wa Urambo (mleta mada)

Wakuu, za jioni. Zangu si nzuri, msiniulize.

Naandika nikiwa kitandani, gesti hapa Mwanga, Kigoma, bega la kulia limevimba kama andazi. Mama mkwe yuko chumba cha pili anaongea na simu na anacheka. Najua anachosimulia. Anausimulia ukoo mzima wa Kisarawe.

Yule mwongoza watalii mnamjua. Jina simtaji, sitaki kesi, lakini ukiwa na macho na umewahi kushuka Kigoma, unamjua. Kofia ya ukindu, filimbi shingoni, anasimama stesheni treni ikiingia kama vile reli kaitandaza yeye. "Karibuni mwisho wa reliiii!" Huyo huyo. Mtaani tuna tabia ya kuwaita hawa watu magaidi, nilikuwa nadhani ni kukosea kutamka "guide" tu. Leo nimeelewa.

Alinipa begi. BEGI. Nitaeleza tangu mwanzo lakini nataka mjue mapema kwamba kuna begi.

Mama mkwe alitaka kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone, maana anasema alilisoma darasani akiwa mdogo na akachapwa kwa kukosa mwaka. Basi nikasema mkwe nimpe heshima yake. Gaidi akatuuzia "safari ya kihistoria ya siku nzima", elfu sitini kwa kichwa, vichwa vitatu: mimi, mke wangu, mama. Chakula ndani yake. Wakuu, kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji ni kama kilomita nane! Daladala zinapishana kama siafu! Siku nzima ya nini, tunakwenda kwa magoti?

Kumbe ili siku itimie, kwanza alitupeleka stesheni. Akatueleza kwamba Wajerumani waliifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Kaka, mimi hapo nimeshuka juzi na mabegi! Tena hapo ndipo aliponikamata!

Kwenye gari tulikuwa na mzee wa Kizungu na mkewe, watu wapole tu, sina ugomvi nao. Walikuwa na begi. Lile begi lilikuwa kubwa kiasi kwamba nilidhani ni mtu wa tatu.

Tumefika. Pana mnara na bamba linalosema chini ya mwembe uliokuwa hapa ndipo walipokutana, tarehe 10 Novemba 1871. ULIOKUWA hapa. Gaidi kaupapasa mwembe wa sasa, kafumba macho, kasema "ni huu huu". Bamba liko hatua tatu nyuma yake. Nikanyamaza, hela nishatoa. Ndani kuna zile sanamu mbili, Stanley na Livingstone wanasalimiana kwa kuvua kofia, lile la "Daktari Livingstone, nadhani?", na wahudumu wa pale makumbusho walitupokea vizuri, hao siwasemi. Namsema yeye.

Akaanza habari za misafara. Bagamoyo, Tabora, Ujiji, pembe za ndovu, watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo. Akanoga. Akasimama katikati ya watu akauliza, "Je, kuna Mnyamwezi hapa?"

Na mimi, mjinga wa karne, mtoto wa Urambo, kifua mbele, nikanyoosha mkono. Tena nilisema "Mimi hapa!" Nilidhani nitapigiwa makofi.

Akalinyanyua lile begi akanipa. "Basi shika hili, ndugu yangu. Asili haipotei!"

Watu wote kicheko. Mzee wa Kizungu hakuelewa Kiswahili lakini naye alicheka, kwa adabu. Mke wangu akageuka akautazama mwembe, mabega yanamtetemeka. Sawa, hayo yote nayasamehe. Mama mkwe wakuu. MAMA MKWE. Alicheka mpaka akashika mnara. Mtu ambaye tangu nimwoe binti yake mwaka wa nane huu sijawahi kumwona jino la nyuma. Leo nimeyaona yote na pengo.

Mtasema ningeliweka chini. Ningeliweka wapi? Mkishanyamazishwa na kicheko mbele ya mkwe mnajua wenyewe mikono inavyokufa. Nikalibeba. Nikalibeba mpaka ufukweni ambako tulionyeshwa dagaa wanaanikwa (hiyo ndiyo "mandhari ya ziwa"). Nikalibeba mpaka kwenye "chakula cha asili", ambacho kilikuwa chipsi mayai. Saa nane mchana siku nzima ikawa imeisha. Nafika kwenye gari natweta, mama mkwe ananitazama juu mpaka chini, anavua mtandio kama mtu anayevua kofia, ananiambia:

"Baba Neema, nadhani?"

Naomba mawazo yenu. Matusi pia napokea, nimezoea sasa.

---

Mgebuka Mkavu
"Mimi hapa!" 😂😂😂 Mkuu nimemwamsha mtoto kwa kucheka, sasa analia, mke wangu ananiuliza nacheka na nani usiku huu. Nyumba yangu imeingia kwenye matatizo yako.

Mwisho wa Reli
Huyo jamaa namjua. Ya kwako ndogo. Mimi alitusimamisha bandarini akatuonyesha kwa kidole meli ya Liemba, akasema hii ndiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Wageni wakapiga picha, mmoja akatokwa na machozi. Ile haikuwa Liemba. Lilikuwa boti la kubeba saruji. Jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama mlango. Miaka yote alipatia, meli akakosea.

Mtu wa Urambo
Mkuu Mwisho wa Reli pole, lakini wewe hukubebeshwa boti.

Mwana Unyanyembe
Mleta mada umetutia aibu, si kwa kubeba, kwa kulalamika. Upagazi ulikuwa kazi ya mshahara na ya heshima. Kijana wa Kinyamwezi asiyefika pwani alikuwa anahesabiwa bado mtoto, hata kuoa ilikuwa tabu. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, miezi mitatu barabarani, na wakigoma wanagoma kweli, mizigo chini, msafara umelala. Wazungu wanalia kwenye vitabu vyao kwa sababu ya migomo ya wapagazi. Wewe umebeba kutoka mwembeni hadi kwenye dagaa, unataka tuchange?

Bi Mawese
Frasila mbili hizo ni karibu madumu mawili ya mawese jamani. Wazee walikuwa wazima.

Mtu wa Urambo
Mwana Unyanyembe wapagazi walilipwa. Mimi nililipa elfu sitini NDIO nikabeba. Huoni tofauti?

Doti Saba
Tuambie ukweli ulilipwa doti ngapi za merikani, vile vitambaa walivyolipwa wapagazi.

Kijukuu cha Isike
Ninachokifikiria ni Mirambo, mtemi wa Urambo, huko aliko. Mwaka 1871 alimfungia Stanley njia, jamaa ikabidi azunguke kusini kama mwizi ndio afike Ujiji. Leo mjukuu wa Urambo anaulizwa tu "nani Mnyamwezi" anakimbia mwenyewe na bega tayari.

Mgebuka Mkavu
Kijukuu UTAUA 😂

Mzaramo Halisi
Mama mkwe Mzaramo, mkwe Mnyamwezi. Huyu mleta mada anashtaki nini? Watani hao tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Mama ana haki yote, hata angekaa juu ya begi ukambeba naye. Mpe shikamoo zangu.

Mtu wa Urambo
Utani una mipaka. Jioni hii mezani kaagiza hivi, nanukuu: "Mwiteni mpagazi aje ale, ubwabwa unapoa." Mhudumu wa gesti akauliza ni mzigo gani mnahamisha usiku.

Msomi wa Gungu
Naomba kurekebisha jambo moja kabla uzi haujaharibika. Hiyo 10 Novemba ni hesabu ya Stanley. Livingstone kwenye shajara yake anaandika tukio hilo Oktoba, mwishoni, kwa sababu alishapoteza hesabu ya siku, alikuwa mgonjwa na amechoka. Na aliyekimbia kumpasha habari kwamba kuna Mwingereza anakuja ni Susi, mtumishi wake. Sasa Stanley naye alikuwa ametanguliza bendera ya Marekani, na kazaliwa Wales. Kwa hiyo pale mwembeni kila mtu alikuwa amechanganyikiwa, si gaidi peke yake.

Mwisho wa Reli
Uzi ulishaharibika zamani Msomi, endelea tu.

Msomi wa Gungu
Na huyo Susi ndiye pamoja na Chuma na wenzao waliobeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, huko Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Alifariki Mei 1873, wakafika pwani Februari 1874. Walipita hapo Tabora, Kwihara, wakakutana na msafara wa Wazungu waliowashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Miezi mingi hiyo, mto kwa mto, na maiti.

Doti Saba
Na hakuna aliyefungua uzi.

Mtu wa Urambo
Wakuu mnanikosea. Susi na Chuma walimbeba mtu waliyemjua! Mimi begi silijui lina nini! Lilikuwa linagonga gonga ndani kama kuna mtungi wa gesi. Nilifika mahali nikahisi Livingstone mwenyewe yumo mle.

Jirani wa Kasulu
Kuna kitu mleta mada anakiruka tangu mwanzo. Mzee wa Kizungu kabebewa begi mchana kutwa na mtu anayedhani ni mfanyakazi. Wazungu nawajua mimi. Alikupa kitu. Sema.

Mgebuka Mkavu
Eeeeh! Jirani wewe ni mpelelezi. Sema mkuu.

Mtu wa Urambo
Hilo halihusiani na mada.

Kijukuu cha Isike
Linahusiana sana. Nimekaa paleee na karanga zangu.

Doti Saba
Dola?

Mtu wa Urambo
Tano.

Jirani wa Kasulu
Na ukapokea.

Mtu wa Urambo
Nilipokea. Kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kwetu. Mama mkwe alikuwa anatazama, mngetaka nionekane sina adabu?

Mgebuka Mkavu
Nimeishiwa nguvu. Ndugu zangu, usiku mwema. 😂😂😂

Mwana Unyanyembe
Basi huyo ni mpagazi halali. Kalipwa. Kesi imekwisha.

Asali Mbichi
Nyie mnapiga kelele za Kigoma, Tabora kuna yule muuza asali wa kwenye madirisha ya treni. Mnamjua. Aliniuzia chupa mbili, nafika Dar nafungua, sukari guru imekorogwa na chai ya rangi. Juu kaweka nyuki MMOJA, amekufa, kama muhuri.

Kijukuu cha Isike
Asali ya Tabora usiiseme vibaya kabisa. Umenunua dirishani usiku treni inaondoka, unalaumu mkoa? Asali inanunuliwa kwa mtu unayejua kwake, ya miombo, unaionja kwanza kwa kidole.

Asali Mbichi
Ningeonjaje na treni inatembea, nimfuate mbio?

Jirani wa Kasulu
Nenda Kibondo na Kakonko uone asali. Tabora mbakie na maembe yenu madogo.

Mwana Unyanyembe
MADOGO??

Mwisho wa Reli
Hapo Jirani umechokoza. Lakini kweli embe la Ujiji ukilila unalala.

Mwana Unyanyembe
Embe la Ujiji limetoka wapi? Si ndiyo hiyo hiyo njia ya misafara, mbegu zilidondoshwa njiani tangu pwani, zikapita kwetu kwanza ndio zikafika huko. Nyie mmekula mabaki.

Msomi wa Gungu
Hilo la mbegu kudondoshwa ndivyo wazee wanavyosimulia miji yote miwili, ila nani alikula kwanza sidhani kama kuna aliyeandika.

Mtu wa Urambo
Jamani, mada ni begi. Kesho asubuhi nitakutana naye tena stesheni, nimwambie nini? Nidai hata nusu ya hela?

Asali Mbichi
Hivi Mwana Unyanyembe, kwa asali ya kweli ya miombo lita moja mnauza bei gani siku hizi?

Mwana Unyanyembe
Njoo faragha tuongee. Si ya dirishani hii.

Bi Mawese
Na mimi nitumie nafasi hii, nina mawese mapya, mekundu, ya wiki hii, madumu ya lita 20, niko Ujiji. Wateja wa Tabora nawafungia vizuri.

Kijukuu cha Isike
Bi Mawese mimi niko Tabora, nahitaji mawili. Yanafikaje?

Bi Mawese
Tatizo ndiyo hilo baba, hadi nipate mtu anayepanda treni.

Mtu wa Urambo
Wakuu mbona swali langu mmeliruka? Treni yangu ni kesho.

Kijukuu cha Isike
Kesho! Mkuu, si unarudi Tabora? Nibebee hayo madumu mawili, nitakupokea stesheni. Sitakuacha hivi hivi.

Bi Mawese
Nitamletea hapo Mwanga alfajiri.

Mtu wa Urambo
Vifuniko vinabana?