Tupeane uzoefu: kutembea porini kando ya mto, Kigoma na Tabora

Mwana Ujiji: Wakuu, mwakeye. Nimeona picha ya mto Malagarasi umejaa nikakumbuka mbali. Nani kashatembea miombo ya Uvinza kwa mguu, siyo kupita na gari? Mwagikeni.

Mama Chumvi: Mimi. Miti ya mininga huku, mto unang'aa kule chini, raha tupu mpaka mbung'o wakatukuta. Shemeji kavaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi. Alijichapa makofi njia nzima.

Kaki Tupu: Bluu na nyeusi ndiyo wanazozipenda, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa hivyo. Vaa kaki.

Reli ya Kati: Vaa hata gunia, anakung'ata tu.

Mrina wa Sikonge: Mbung'o cha mtoto. Sisi tulikuwa Ugalla, kiangazi, mto umebaki madimbwi. Tumesimama ukingoni tunatazama viboko walivyobanana. Jamaa mmoja akaona mzinga wa gome uko juu ya mti wa mtundu, akaurushia jiwe ajue kama una kitu. Ulikuwa na kitu! Kila mtu na njia yake. Wawili wakashuka mbio wajitose majini, nikawapigia kelele: mamba hao! Wakaganda palepale, nyuma nyuki, mbele mamba. Mimi shati usoni, nikapenya vichakani bila kugeuka. Sasa yule wa jiwe... ngoja, chaji inaisha.

Mama Chumvi: Weee! Rudi hapa umalizie.

Reli ya Kati: Chai hiyo. Ningejitosa, mamba mwenyewe anaogopa nyuki.

Kaki Tupu: Jitose, tutaleta rambirambi. Nyuki wanakusubiri juu ya maji. Kimbia uingie ndani ya nyumba au gari.

Reli ya Kati: Gari porini?

Mwana Ujiji: Halafu Ugalla unamwagikia Malagarasi, kwa hiyo hata hayo madimbwi ni ya kwetu Kigoma.

Mnyamwezi Asilia: Maji chukueni, asali tuachieni.

Mrina wa Sikonge: Nimerudi. Uso ulivimba, tukamtambua kwa viatu. Jioni akaja mwenye mzinga, akaanza na fidia, pole ikafuata baadaye.

Mama Chumvi: 😂😂 Alilipa?

Dagaa wa Kibirizi: Mnaoogopa, nendeni hifadhi ya Gombe mkaone maporomoko ya Kakombe, mnatembea na mwongozaji. Ila mwenye mafua abaki nyumbani, sokwe wanaambukizwa na sisi.

Mwana Ujiji: Boti ya Gombe pale Kibirizi siku hizi inaondoka saa ngapi?