Kipima mchapuko kinanipa majibu tofauti kwenye Altezza, nifanyeje?

Mwana_RS200 (Arusha): Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Altezza RS200, injini 3S-GE, gia za mkono. Nimefunga filta ya hewa ya wazi (isiyo na boksi) na eksozi pana. Nikanunua kile kidude kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, kinapima gari linavyochanganya. Asubuhi 0 hadi 100 km kwa saa inatoka vizuri, mchana inazidi karibu sekunde nzima, kipande kilekile cha lami. Nilipoteremka Dar gari likawa jepesi kuliko siku zote. Kipimo ni kibovu? Na nitajuaje kama filta imesaidia?

Fundi_Temeke: Mkuu, usikitupe. Dar kwanza: injini yako haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), inavuta hewa iliyopo tu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na huku pwani. Nguvu inapungua hivyohivyo. Kwa hiyo usilinganishe namba ya Dar na ya Arusha hata siku moja.

Pili, achana na 0 hadi 100. Hiyo inapima mguu wako wa klachi na mshiko wa tairi kabla haijafika kwenye injini. Weka gia ya pili, tembea taratibu chini ya 40, kanyaga mafuta hadi mwisho, soma muda wa 40 hadi 80. Gia moja, hakuna kubadilisha, na huhitaji mwendo wa kuhatarisha watu. Tafuta eneo lenye lami la mtu binafsi, uombe ruhusa. Nenda na urudi palepale, chukua wastani, maana mteremko usioonekana kwa macho unadanganya.

Kidude kifunge kisitikisike. Ukikanyaga, pua ya gari inanyanyuka, na kidude kikiinama nyuzi 1 tu kinahesabu kama 0.017 g (g 1 ni nguvu ya mvutano wa dunia) ambazo hazipo. Gari lako kwenye gia ya pili linavuta kama 0.3 g, kwa hiyo hapo umeshakosea zaidi ya asilimia 5. Ndiyo maana watu wanashangilia eksozi ambayo haijaongeza kitu.

Uzito nao. Gari na dereva ni kama kilo 1,400. Rafiki wa kilo 70 akikaa pembeni, asilimia 5 ya mchapuko imeondoka. Mafuta yawe kiwango kilekile, upepo wa tairi uleule, AC imezimwa.

Dada_Vitz: Naongezea: asitumie simu badala ya kidude. GPS za simu nyingi zinasoma mara moja kwa sekunde, na 40 hadi 80 inaisha kwenye sekunde tatu na kitu. Unapata nukta tatu nne. Vidude vya GPS vinavyosoma mara 10 kwa sekunde ndivyo vya kuamini, na havijali pua kunyanyuka.

Mwana_RS200: Asanteni sana. Nimefanya kama fundi alivyosema. Injini ikiwa imetoka kutembea napata sekunde 3.5. Nikiliacha linaunguruma dakika kumi juani halafu nikapima, 3.8.

Fundi_Temeke: Safi kabisa kaka, jibu lako hilo hapo. Filta ya wazi iko nyuma ya rejeta, inavuta hewa iliyopikwa na injini. Fungua boneti gari likiwa limesimama hivyo, gusa bomba la kuingizia hewa: litakuwa la moto. Kata bati la aluminiamu, litenganishe filta na injini, kisha vuta bomba hadi nyuma ya bampa ya mbele lipate hewa ya nje. Usiguse kitu kingine, hata plagi. Pima tena kwa namna zote mbili, ukitoka kutembea na baada ya kuunguruma. Halafu rudisha boksi la filta la kiwanda upime nalo pia. Kwa hali ya Arusha sitashangaa boksi likishinda, na kama likishinda, uza hiyo filta ununue tairi nzuri.