Waandishi wa riwaya za vita vya anga, vijana sio wajinga!

Wakuu, usiku wa kuamkia leo nimemaliza riwaya moja ya vita vya anga za juu, kurasa karibu 500, nyuma imeandikwa ni ya vijana wa miaka 16 kwenda juu. Nimelala na hasira nimeamka nazo. Jina silitaji maana ugonjwa huu sio wa kitabu kimoja.

Binti ana miaka 16, anaingia depo kama kuruta, wiki tatu baadae kashakuwa kapteni na masajenti waliokaa jeshini miaka 20 wanampigia saluti. Wiki tatu! Kuruta wa wiki tatu bado anafokewa kisa kitanda hakijatandikwa vizuri.

Lakini kilichonichefua kabisa ni mawasiliano. Kikosi kiko Mirihi, makao makuu yako duniani, adui anakaribia, binti anashika redio anauliza "afande nishambulie au nirudi nyuma?" na afande anajibu hapo hapo, wanabishana, wanakatizana maneno, yaani kama watu waliokaa meza moja. Jamani! Mawimbi ya redio yanaenda kwa kasi ya mwanga, km 300,000 kwa sekunde, na bado Mirihi ikiwa karibu kabisa na dunia ujumbe unachukua kama dakika 3 kufika, ikiwa mbali kabisa ni dakika 22 hivi, hapo ni kwenda tu, jibu nalo linakula muda ule ule kurudi. Na mwandishi hajaona kwamba utamu wote ulikuwa hapo hapo! Binti wa miaka 16 ana watu 30 nyuma yake, kauliza swali, na anajua jibu litakapofika ama keshashinda ama hayupo wa kulisikia. Inabidi aamue mwenyewe. Halafu dakika 40 baadae sauti ya afande inaingia, "rudini nyuma", na yeye keshawapeleka mbele na nusu yao wamekufa. Hiyo ningeirudia mara tatu.

Habari za milipuko kusikika kwenye ombwe, kusiko na hewa ya kubeba sauti, nazipita, tumezisema mpaka tumechoka. Ila rubani anakata kona anabebeshwa uzito mara 40 wa kawaida na anaendelea kuongea?? Marubani wa ndege za kivita, waliofunzwa na wamevaa suti maalum, wanahimili kama mara 9 na kwa sekunde chache tu, wakizidisha wanazimia.

Sasa kifo. Rafiki yake, waliolala kitanda kimoja cha ghorofa tangu depo, yeye chini mwenzake juu, anakufa ukurasa wa 312. Nimehesabu, mistari minne. Mstari wa tano binti anambusu rubani. Kile kitanda cha juu hakitajwi tena mpaka kitabu kinaisha, hayupo aliyekusanya nguo za marehemu, hayupo aliyemwandikia mama yake hata barua.

Na katika kurasa zote hizo hakuna hata mtu mmoja anayeuliza mtoto wa miaka 16 anafanya nini mstari wa mbele. Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki mwaka 2000 inayotaka nchi zihakikishe askari wa chini ya miaka 18 hawashiriki mapigano moja kwa moja. Sawa, hadithi ni ya miaka 300 ijayo, basi tuambiwe hiyo sheria ilikufaje, nani aliiua na kwa nini wazazi walikubali. Kimya.

Ukilalamika unaambiwa "ah ni kitabu cha vijana tu". Hilo "tu" ndio linaniuma! Mdogo wangu ana miaka 17, yeye ndio alianza kukisoma, akanirudishia akaniuliza, "kwani huyu dada hakumlilia mwenzake?" Mtoto kaona alichoshindwa kuona mtu mzima aliyekiandika.

Kama kuna mtu kasoma ya aina hii ambayo vita inaumiza kweli na sayansi yake imekaa sawa, aiweke hapa aisee, nataka nimpatie dogo wiki hii hii.