Kanuni za ruhusa zikae ndani ya programu au nje yake?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Tunatunza mfumo wa nyaraka unaotumiwa na idara kadhaa za taasisi moja, na kanuni za nani aone au abadili nini zimeandikwa ndani ya msimbo, kila ukurasa na masharti yake. Tulianza na majukumu machache tu, yaani mhariri, mkaguzi na msimamizi, lakini kila idara inapoomba jambo la pekee tunaunda jukumu jipya, hata sasa hakuna anayeweza kueleza kwa uhakika ni nani anaruhusiwa kufuta waraka uliokwisha kuidhinishwa. Je, inafaa kuzitoa kanuni zote na kuziweka mahali pamoja? Na kanuni mbili zikipingana, ifuatwe ipi?

Jibu la kwanza

Inafaa, ndugu, ila tenganisha kuamua na kutekeleza. Uamuzi unaweza kukaa mahali pamoja, lakini utekelezaji lazima ubaki pale ombi linapoifikia data, kwenye seva, kwa kuwa kitufe kilichofichwa kwenye ukurasa hakimzuii mtu anayetuma ombi moja kwa moja. Lugha ya XACML, ya kuandikia kanuni za ruhusa, iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2003, imejengwa juu ya mgawanyo huo.

Kuhusu majukumu, mtindo wa kutoa ruhusa kwa jukumu, ambao watafiti David Ferraiolo na Richard Kuhn waliueleza rasmi mwaka 1992 unafaa pale ruhusa inapotegemea kazi ya mtu. Jina la jukumu likianza kubeba idara na hali ya waraka, hizo ni sifa, nazo zinastahili kuandikwa ndani ya kanuni: mhariri anaweza kufuta waraka ikiwa ni wa idara yake na haujaidhinishwa. Kanuni hiyo moja itayaondoa majukumu mengi.

Jibu la pili

Naunga mkono, isipokuwa maneno "haujaidhinishwa". Ikiwa sehemu ya hali ya waraka ni tupu, kwa mfano kwa waraka wa zamani uliohamishwa kutoka mfumo mwingine, sharti hilo linaweza kuonekana limetimia na waraka ukafutwa. Andika "hali yake ni rasimu", ili kukosekana kwa taarifa kuzae katazo. Saltzer na Schroeder, watafiti wa usalama wa kompyuta, walilisisitiza jambo hili mwaka 1975: ruhusa ndiyo itolewe sababu, na penye ukimya jibu liwe hapana.

Kanuni zikipingana, katazo lishinde, na uamuzi huo uandikwe wazi badala ya kutegemea mpangilio wa kanuni kwenye faili. Hitilafu wakati wa kukagua kanuni nayo ihesabiwe kuwa katazo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Limebaki la utafutaji: matokeo yakiwa maelfu, kuuliza ruhusa ya kila waraka kutauchelewesha mfumo.

Jibu la tatu

Usiyachukue matokeo yote kisha uyachuje, kwa sababu kurasa zitabaki na mapengo, na hata jumla ya matokeo inaweza kufichua kwamba kuna waraka ambao mtu hakupaswa kujua kuwa upo. Kwa kuwa mtumiaji na idara yake vinajulikana mapema, kagua sehemu hiyo ya kanuni kwanza, kisha sharti lililosalia kuhusu waraka ligeuzwe kuwa sehemu ya ombi linalopelekwa kwenye hifadhidata.

Ukihifadhi majibu ya ruhusa ili kuongeza kasi, zingatia sana uondoaji wa ruhusa. Google walipoueleza mfumo wao wa kukagua ruhusa, uitwao Zanzibar, mwaka 2019 walishughulikia hali hii: mtu anaondolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, baadaye maudhui mapya yanawekwa, na mfumo unaosoma orodha ya zamani unamwonyesha maudhui hayo. Kwa hiyo kila waraka ubebe alama ya toleo la ruhusa lililokuwapo ulipobadilishwa, na uamuzi usitumie toleo lililotangulia hilo. Kabla ya kuhamisha chochote, andikeni majaribio ya wanaopaswa kukataliwa, mkianza na lile la kufuta waraka ulioidhinishwa.